Vitanzi Mia Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Baba amenipa daftari hili leo asubuhi, jalada gumu, kurasa mia na ishirini, akasema niandike ukurasa mmoja kila siku mpaka siku ya mtihani. "Andika chochote," akasema. "Hata kama ni kunguru umemwona. Mkono unataka kazi, basi." Hakusema mkono una nini. Nyumbani kwetu jambo hilo halina jina. Tunalizunguka kama ile ndoo iliyowekwa katikati ya sebule, maana mvua zimeanza na paa limeanza kuvuja.

Basi niseme mimi, kwa kuwa hapa hakuna wa kunitazama usoni. Mkono wangu wa kulia hautaki kuandika.

Hauumi sana. Mstari wa kwanza unakwenda vizuri. Mstari wa pili kidole cha shahada kinainuka chenyewe, kinaiacha kalamu, kinasimama kama mwanafunzi anayetaka kuuliza swali. Gumba linajikunja kuziba pengo. Kifundo kinapinda kwa ndani. Nikilazimisha, vidole vyote vinaibana kalamu kana kwamba kuna mtu anataka kuninyang'anya, na herufi zinatoka kama nimeziandika nikiwa nyuma ya lori.

Na mimi ndiye Chapa. Shuleni, na siku hizi hata nyumbani, wananiita hivyo kwa sababu ya mwandiko. Baba ni mwandishi wa vyeti. Shule na vyuo wanamletea karatasi nene zenye nembo, naye anaandika majina ya wahitimu kwa kalamu ya nibu, ile ya kuchovya wino. Mashine zipo, lakini wakuu wa shule husema cheti cha mashine ni kama risiti. Nilipokuwa na miaka sita Baba alinikalisha kwenye meza yake akanifundisha vitanzi: duara zilizoshikana mikono, mstari baada ya mstari, mia mbili kila asubuhi kabla ya chai. Nilipofika kumi na mmoja akaniachia majina marefu. Sasa nina kumi na saba na sijawahi kuruka asubuhi hata moja, isipokuwa ile ya surua.

Mtihani unaanza tarehe 20 Mei. Karatasi nne, saa tatu kila moja, kwa kalamu na wino wa bluu. Anayefaulu anakwenda chuo. Asiyefaulu, shule yetu hairudishi mtu darasani. Zimebaki siku sabini na saba.

Ukurasa huu umenichukua saa moja na dakika kumi.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwona kunguru.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimeuchunguza mkono kama polisi. Nimemenya vitunguu: safi. Nimemsuka Redio, jirani yangu wa dawati, mistari kumi na miwili: safi, ingawa amelalamika mwanzo mpaka mwisho kwa kuwa Redio hazimwi. Nimetunga uzi kwenye sindano ya Mama mara ya kwanza tu. Nimeandika ujumbe kwenye simu ya Mama kwa kidole hichohicho cha shahada. Kisha nikachukua kalamu. Kikasimama.

Nikatoka uani, nikaokota kijiti, nikaandika kwenye tope. Kilikwenda vizuri mpaka nilipokishika kama kalamu.

Maana yake mkono unajua.

Alhamisi, 14 Machi

Mwalimu wa historia anasoma, sisi tunanakili. Leo niliachwa nyuma aya mbili. Shuleni tunaandika kwa lugha ya darasani, nyumbani tunasema hii ninayoandikia hapa, nikafikiri labda mkono umechoka na yale maneno marefu ya darasani. Nikaanza kunakili kwa lugha ya nyumbani. Mistari mitatu, kidole kikasimama. Hakina upendeleo.

"Chapa, mbona unachora minyoo?" mvulana wa nyuma akauliza kwa sauti. Darasa likavunjika mbavu. Mimi nikacheka pia, halafu nikajichukia kwa kucheka.

Redio akanisogezea daftari lake chini ya dawati. "Nakili jioni. Na wewe ukiacha kuona aibu utapumua."

Siwezi kumwambia kwamba jioni au asubuhi ni mamoja.

Jumatano, 20 Machi

Vitanzi mia mbili. Vya mwisho hamsini havikuwa vitanzi. Baba aliviangalia, hakukasirika, akasema, "Kesho anza mapema." Kisha akaingia chumba cha kazi akafunga mlango. Siku hizi hafanyi kazi bila kufunga mlango. Fundi hatazamwi, anasema. Nilipokuwa mdogo alinipakata akiandika.

Mvua tu.

Jumanne, 26 Machi

Mama ameomba ruhusa kazini (anapiga pasi kwa dobi) akanipeleka kwa daktari wa neva bila kumwambia Baba. Nimeandika ukurasa huu kwa vipande, mistari mitatu, napumzika, mistari mitatu.

Daktari ni mwanamke mfupi aliyevua viatu chini ya meza akadhani hatuoni. Alinibonya mkono mpaka begani, akanikunja, akanikunjua, akanigonga kwa kinyundo.

"Mama, mkono huu ni mzima," akasema. "Ukitaka nitakuandikia barua ya kuusifu."

"Sasa mbona hauandiki?"

"Ngoja."

Akanipa kalamu, akatazama nikiandika. Hakucheka. Alipoona kidole kinainuka aliegemea mbele kama mtu anayemwona jamaa yake sokoni. Kisha akaniambia nifumbe macho, akachukua kifaa chenye ncha mbili butu na kunigusa vidole viwili, kimoja kikitangulia kidogo tu. Nitaje kipi kimeanza. Mkono wa kushoto nilipata karibu zote. Wa kulia, mara kwa mara nilisema, "Pamoja."

"Si pamoja. Cha kati kimeanza." Akarudia. "Na sasa?"

"Pamoja."

Akaniambia nifumbue macho. Akaongea nami, si na Mama. Alisema ndani ya ubongo kuna mkono mwingine, kama ramani, na kila kidole kina chumba chake. Kidole kikiguswa, habari inafika chumbani kwake. Kidole kikitakiwa kusogea, amri inatoka kwenye chumba jirani kinachosikiliza habari hizo. "Sasa wewe vidole hivi vitatu umevitumia pamoja, kwa mwendo uleule, mara ngapi?"

Nikamwambia habari za vitanzi. Akatoa simu akapiga hesabu. Laki nane na ushee.

"Kuta zimelika," akasema. "Vyumba vitatu vimekuwa ukumbi mmoja. Ubongo ukimwita mmoja, wanaitika wote. Misuli ya kukunja na ya kukunjua inavutana kwa wakati mmoja, na ilipaswa kupokezana. Lakini ni kwenye kuandika tu, kwa sababu ni kuandika kulikozila hizo kuta. Kitunguu hakina kosa."

Mama akauliza dawa. Daktari akavaa viatu kwanza. Kuna sindano za kulegeza misuli, hospitali hii hawana, na husaidia baadhi. Akanipa kadi yenye nukta zilizoinuka, za kusomwa kwa ncha ya kidole, nusu saa kila siku nikiwa nimefumba macho, ili kila kidole kijifunze upya kukaa peke yake. Itachukua miezi, pengine mwaka, pengine isisaidie. Wengine huhamia mkono wa pili, na kuna ambao wa pili nao hufuata.

"Kubwa kuliko yote, acha kuandika. Kabisa. Kila mstari unaojilazimisha unazidi kufuta."

"Kuna mwingine kwenye familia mwenye shida hii?" akauliza akijaza karatasi.

"Baba yake ndiyo kazi yake hiyo, daktari," Mama akasema, na akakaa wima. "Miaka ishirini na mitano hajaharibu cheti."

Tumetoka na barua ya kuiomba bodi inipe mtu wa kuniandikia kwenye mtihani, mimi niseme, yeye aandike. Saa tatu kusema mbele ya mgeni, mimi ambaye hata dukani hunyoosha kidole badala ya kutaja ninachotaka! Lakini nimeona heri hivyo.

Nilipaswa kuliacha daftari hili leo. Nimelifikiria. Hapa ndipo mahali pekee ninapomaliza sentensi.

Jumapili, 31 Machi

Nimegundua kitu. Kidole cha shahada kikianza kuinuka, nikiweka ncha ya kidole cha kushoto juu ya konzi yake, pale kinapoanzia, bila kubonya, kugusa tu, kinashuka! Kinatulia kama mtoto aliyewekewa mkono kichwani. Nimepata mistari saba mfululizo. Sijamwambia mtu, naogopa kikisikia kitazoea.

Jumanne, 2 Aprili

Fomu imetoka kwa Mkuu wa shule. Ina nambari, moja kwa kila mwombaji, na irudishwe kabla ya tarehe 12 saa nane mchana. Barua ya daktari imeambatishwa. Kinachotakiwa ni saini ya mlezi aliyeandikishwa shuleni, naye ni Baba. Mama aliuliza kama anaweza kusaini yeye. Karani akasema jina lake halimo.

Mama aliiweka fomu mezani baada ya chakula. Baba akaisoma yote, mbele na nyuma. Akaisoma barua ya daktari mara mbili.

"Mlikwenda lini?"

"Wiki jana," Mama akasema. "Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo." Akaisukuma fomu kwa kidole kimoja. "Imeandikwa hapa kwamba kuandika kumemharibu. Nani atamletea vyeti mtu ambaye kazi yake imemharibu mtoto wake? Wataleta kwa nani, kwangu?"

"Wataleta kwa yeyote. Mtoto ana mtihani, Baba Chapa."

"Ni woga wa mtihani. Mkono wowote hugoma. Unauzidi nguvu, unanyooka."

"Umejuaje?" Mama akauliza.

Baba akasimama, akaenda kuimwaga ndoo ya sebuleni, ingawa ilikuwa haijajaa.

Jumapili, 7 Aprili

Fomu bado iko mezani. Tunakula tukiizunguka.

Ijumaa, 12 Aprili

Siku mbaya kuliko zote, nitaiandika yote hata kama mkono utang'oka.

Saa kumi na mbili asubuhi fomu ilikuwa bado tupu. Baba alishaondoka kupeleka vyeti. Mama yuko kwa dobi. Nikaichukua.

Kidato cha pili nilikuwa namwandikia Redio barua za udhuru kwa saini ya mama yake, na mama yake mwenyewe aliwahi kuona moja akaapa ni yake. Saini ya Baba naijua kuliko uso wangu: kitanzi kikubwa mwanzoni, mawimbi manne, halafu mstari unaorudi nyuma na kupita chini ya yote. Nilifanya mazoezi kwenye karatasi chakavu, kidole cha kushoto juu ya konzi. Mara mbili ikatoka kamili. Nilitamani kuibusu.

Nikavuta fomu. Nikachovya nibu. Kitanzi kikatoka, kizuri. Wimbi la kwanza. La pili, kidole kikainuka. Nikagusa konzi. Hakikushuka. Nikabonya, na mkono wote ukakaza kama ngumi, nibu ikachimba karatasi ikachana, tone la wino likaanguka pale penye tarehe.

Nilikaa. Saa ikawa mbili, nimechelewa shule. Nikamalizia saini hivyohivyo, sijui nilifikiri nini. Labda nilifikiri watu hawatazami.

Mkuu wa shule alitazama. Alishika fomu karibu na dirisha, halafu akainua macho kwenye ukuta wake, ambako vyeti vyake vyote sita vimetundikwa, na vyote sita viliandikwa na kusainiwa pembeni na Baba.

"Saini ya baba yako naikodolea macho kila siku," akasema. "Hii si yake."

"Naam."

"Nani ameandika?"

Nilitazama kapeti.

"Sasa nisaidie, maana mimi nimechanganyikiwa. Fomu inasema huwezi kuandika. Lakini umeweza kughushi. Ukiweza kughushi, unaweza kuandika. Ukiwa huwezi kuandika, hii nayo imeandikwa na jini?"

Mwalimu wa historia, aliyekuwa akisubiri ratiba yake, akacheka puani.

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo lote, vyumba, kuta, misuli inayovutana, nilikuwa nalo kwa lugha zote mbili. Nikasema, "Naam," tena. Nimehesabu, ndilo neno pekee nililosema kwa dakika ishirini.

Baba ameitwa Jumatatu.

Jumatatu, 15 Aprili

Baba alivaa koti lake la kupelekea vyeti. Mkuu alimpokea kwa heshima, akamsogezea kiti mwenyewe.

"Mzee wangu, hili la saini nimelisamehe, ni utoto. Nataka neno moja tu kutoka kwako. Huyu mtoto ana ugonjwa, au hana? Ukisema anao, nitaipigia bodi sasa hivi mbele yako. Fomu zilizochelewa wanapokea mpaka saa kumi leo. Sitahitaji hata saini. Neno lako linatosha."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimwona Baba akiviangalia vyeti ukutani, kimoja baada ya kingine, kama anavihesabu. Mikono aliilaza magotini, wa kushoto juu ya wa kulia.

"Hana," akasema.

"Una hakika?" Mkuu akauliza.

"Ni woga. Nitamshughulikia nyumbani."

Nje mvua ilikuwa inapiga. Baba akafungua mwavuli akaniwekea juu yangu, yeye akalowa bega lote mpaka nyumbani. Nilitamani auweke ule mwavuli juu yake, nipate sababu kamili ya kumchukia.

Jumanne, 16 Aprili

Vitanzi mia nne.

Jumanne, 23 Aprili

Nimeanza mkono wa kushoto, kwa siri, chooni, daftari juu ya goti. Ninaandika kama mtoto wa chekechea aliyekasirika. Neno moja kwa pumzi moja. Lakini vidole vinakaa. Kila kimoja kinakaa mahali pake, vinashangaza kuvitazama, kama watu wasiojua ubaya.

Redio anajua. Nilimwambia kwa kumwandikia kwa kushoto: MKONO WANGU SI WOGA. Akasoma, akaikunja karatasi mara nne.

"Wewe ungesema tu," akasema. "Siku ile ofisini. Ungefungua mdomo ukasema."

"Najua."

"Ningekuwa mimi ningesema mpaka wakanifukuza."

"Najua, Redio."

Jumamosi, 27 Aprili

Kadi ya nukta: nusu saa. Kidole cha shahada na cha kati bado vinasoma kitu kimoja. Baada ya nusu saa ya kadi, vitanzi mia nne. Asubuhi najenga ukuta, asubuhi hiyohiyo naubomoa.

Mama amemwambia Baba aache. Niliwasikia jikoni Jumatano. Mama alisema, "Utamuua huyo mtoto kwa wino." Mama hula chakula chake akiwa amesimama tangu siku hiyo.

Ijumaa, 3 Mei

Kugusa konzi hakufanyi kazi tena. Kilizoea.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua, siku ya nne mfululizo. Kushoto: maneno sita kwa dakika. Nimepiga hesabu, mtihani unataka kama ishirini.

Jumatatu, 13 Mei

Leo gumba la kushoto limejikunja mara moja. Mara moja tu. Sitaliandika tena jambo hili.

Jumapili, 19 Mei

Baba ameninolea penseli mbili na kuninunulia kalamu mpya tatu za bluu. Amezipanga mezani kwa urefu. Akasimama hapo kama anataka kusema kitu, mimi nikasimama kama nataka kusikia. Sisi wawili tunafanana mno kwa mambo haya. Mwisho akasema, "Lala mapema."

Jumatatu, 20 Mei

Karatasi ya historia. Maswali matano, yote nayajua. Naomba iandikwe mahali fulani kwamba yote nilikuwa nayajua.

Mkono wa kulia ulinipa dakika kumi na nane. Kushoto ukanipa kama saa moja, kisha gumba. Nikarudi kulia. Nikashika kalamu kwa ngumi kama kisu. Nikaishika kwa mikono miwili. Msimamizi akaja kusimama kando yangu, akanusa, nadhani alifikiri nimelewa.

Swali la nne nililiandika maneno matatu. La tano nililiachia nambari yake. Saa moja ya mwisho nilikaa mikono mapajani nikiyasema majibu kichwani, polepole, kwa lugha ya darasani, kwa sentensi nzuri, na vituo vyake. Redio, dawati la mbele, aligeuka mara moja akaniona. Akageuka haraka.

Ijumaa, 24 Mei

Zimekwisha zote nne. Hivyohivyo.

Jumapili, 26 Mei

Mwandiko wa ukurasa huu si wangu, ni wa Baba. Asubuhi ameingia chumbani akiwa ameshika daftari hili na kalamu yake. Amesema, "Kurasa zako zimekatika." Nikamwambia siwezi kushika hata kijiko. Akakaa kitandani kwangu, akalifungua kwenye goti, akachovya. Akasema, "Sema, niandike."

Nilimwuliza kama amesoma ya nyuma. Amesema hakusoma. Nimemwambia aandike kwamba simwamini. Ameandika.

Andika kwamba mvua imekatika tangu juzi, na ndoo imerudishwa jikoni.

Andika kwamba Mkuu wa shule alitaka neno moja tu.

Andika: Baba aliulizwa kama mtoto wake ana ugonjwa, akasema hana.

Kalamu imesimama. Andika kwamba imesimama. Amesema, "Hilo nalo?" Hilo nalo. Ameandika.

Andika: nilikuwa nayajua maswali yote matano. Nilihitaji mtu wa kukaa kando yangu na kalamu, kama ulivyokaa sasa, hivihivi. Ilikuwa rahisi kiasi hiki. Andika vizuri neno rahisi, Baba, usilikimbilie. Andika: Baba alikataa kusai

(Mkono wa kushoto. Ni mimi.)

Alipofika kwenye kusaini, kidole chake cha shahada kiliinuka. Kikaiacha kalamu, kikasimama.

Hakushtuka. Alileta kidole cha kushoto bila hata kutazama, akakiweka juu ya konzi, palepale, akagusa tu. Kidole kikashuka. Akasubiri, halafu akataka kuendelea. Kikainuka tena.

Mahali hapo pa kugusa sikuwahi kumwonyesha mtu.

Aliona kwamba nimeona. Nikamwuliza, tangu lini.

Alifunika chupa ya wino kwanza. Akahakikisha kifuniko kimekaza.

"Ulikuwa na miaka sita, hujaanza vitanzi," akasema.